Pakiti Sita za Mabuyu

Mbegu ilikuwa moja tu. Nyekundu, bado inang'aa mate, imekaa juu ya jiwe lililoota kijani kile chororo cha penye ukungu. Kama jino la mtoto lililong'oka.

Nilichutama nikaitazama. Nilikuwa nimepanda karibu saa nzima, pumzi zimeniishia, mtandio umelowa, na kilichonikaribisha kileleni ni mbegu ya mbuyu iliyofyonzwa ikatemwa. Mbuyu hauoti huko. Mbuyu ni mti wa joto, wa kwetu pwani na wa nyika ya chini. Baridi ile ya milima ya Taita haiwezi. Mbegu ile ilipanda kwa gari. Na mabuyu yale ya rangi na sukari, yaliyotiwa kwenye kipakiti cha nailoni kikafungwa fundo, hayahitaji kuulizwa kwao ni wapi. Ni Mombasa.

Nikazunguka nyuma ya jiwe.

Zilikuwa nyingi hata sikuhesabu.

Hiyo ilikuwa Jumapili ya mwezi wa nane. Tangu siku hiyo nimeanza kuandika mara tatu nikafuta mara tatu, kwa sababu kila nikianza huwa naandika lawama, na lawama zenyewe zikifika katikati hunigeukia.

Kilele chenyewe sitakitaja jina. Waliofika watakijua, na wasiofika sitaki wafike kwa sababu yangu.

Mlima wa kwanza niliouona

Sisi watu wa kisiwa cha Mombasa hatuna mlima. Tuna mteremko wa kwenda Feri, basi. Mtoto wa Majengo akifundishwa neno "mlima" hulikubali tu, kama anavyokubali theluji.

Mlima wa kwanza kuuona mimi ulikuwa Kibarani.

Wa rika langu mwakumbuka. Ukishatoka kisiwani kwa Makupa, hujafika Changamwe, palikuwa na kilima cha taka kando ya bahari, kikifuka moshi usiku na mchana, kunguru wamekifunika. Abiria wote waliziba pua kwa pamoja, mamangu kwa pindo la leso, utingo kwa kola ya shati. Siku hizi jaa lile limefungwa, pamepandwa miti na nyasi. Lakini mwaka 1994, nilipokuwa na miaka minane, tukaenda kumtembelea ami yangu aliyekuwa akisomesha Taita, safari yetu ilianzia pale. Pua imezibwa.

Labda ndiyo sababu kule juu palinishika vile. Ukiiacha Mwatate, barabara yaanza kujipinda, masikio yaziba, na ghafla unavuta hewa ukagundua hainuki kitu. Migomba imepangwa kwenye matuta mpaka juu. Kando ya njia mfereji wa maji, maji yenyewe meupe, na mama mmoja amekaa anaoshea karoti. Ami alituchukua mpaka kileleni pamoja na kijana mmoja wa pale aliyekuwa akichunga ng'ombe. Hapakuwa na kitu. Jiwe, ukungu, upepo, ng'ombe. Ukungu ulipofunguka tukaona chini kabisa mashamba ya mkonge ya Mwatate yamechorwa kama mistari ya daftari, na ng'ambo yake nyika ya Tsavo, hadi macho yachoke.

Ami alikaa juu ya jiwe, akasema, "Upepo huu umetoka kwenu."

Nikadhani ananitania. Nilipokuwa mkubwa nikaja kujua alisema kweli. Upepo wa bahari ukishaipita Mombasa huivuka nyika yote ya Taru bila ya kizuizi cha maana, mpaka unagonga milima hii. Hapo hupanda, hupoa, hugeuka ukungu, na misitu ya juu, kama Ngangao na Mbololo, huunasa ukungu ule ukawa maji. Milima yenyewe ndiyo kichwa cha safu ya kale inayoteremka Tanzania, kupitia Pare na Usambara hadi Udzungwa. Imekaa peke yake muda mrefu hata kuna ndege humo wasiopatikana popote pengine duniani.

Mimi wakati ule sikuchukua hayo yote. Nilichukua lile la upepo tu, nikalibeba miaka thelathini.

Geti

Siku hizi pana geti: mabati mawili na kamba iliyokingama njiani. Kijana amekaa kwenye kiti cha plastiki na kitabu cha risiti. Mkubwa mia mbili, mtoto mia moja, kamera ya kazi elfu moja. Simu si kamera, niliuliza.

Kuna pembea mbili zinazokutupa upande wa bonde upigwe picha. Kuna moyo wa chuma uliopakwa rangi nyekundu, unasimama katikati yake na mwenzako. Kuna mbao iliyochorwa mbawa za malaika. Kuna spika kubwa kama friji, na jenereta yake nyuma. Kuna kijana anakodisha shuka nyekundu za Kimaasai. Hapo nilicheka peke yangu: Mtaita amkodishia Mswahili shuka ya Kimaasai, ili Mswahili akaonyeshe watu kwamba alifika Taita.

Kisha nikaliona lile jiwe. Jiwe alilokalia ami, Mungu amrehemu. Limeandikwa nambari ya till, ya kulipia kwa simu, kwa rangi nyeupe, tarakimu moja urefu wa mkono wangu.

Na taka. Chupa za maji, sahani za karatasi zenye mchuzi, vijiti vya mishikaki, foili, pampasi. Juu ya mti mmoja wamepigilia kibao USITUPE TAKA, na chini yake pipa lililojaa siku nyingi, watu wakaendelea kuweka kando ya pipa, kisha kando ya kando. Nyuma ya pipa ardhi yakatika kuwa korongo. Korongo lenyewe sina haja ya kulieleza.

Nilivimba. Nikamwambia dadangu, "Wameuza mlima hawa."

Nililipenda neno langu. Nililirudia mara mbili njiani.

Sufuria yetu

Sasa nieleze tulivyokwenda.

Tulikuwa watu kumi na watatu ndani ya gari la matatu la kukodi, tukaondoka Mwembe Tayari alfajiri baada ya swala. Mamangu alikuwa ameamka saa nane usiku kupika pilau, sufuria ikavikwa taulo mbili isipoe. Kachumbari ndani ya ndoo. Mahamri. Chupa tatu za chai. Katoni mbili za maji. Mkeka. Na pale stendi nikawanunulia watoto mabuyu, pakiti sita, waache kelele.

Kileleni tukatandika, tukala, tukashiba. Hatua ishirini kutoka mkekani kwetu palikuwa na kibanda cha mama mmoja wa makamo anayeuza chai, viazi vya kuchemsha na kimanga, chakula cha Kitaita cha kupondwa. Tulimsalimu vizuri sana. Hatukununua kitu.

Baada ya kula mamangu akataka maji ya moto ya kunywea dawa, na chupa za chai zimekwisha. Nikatumwa kibandani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Muko salama?"

Akanimiminia maji kutoka kwenye kandirinya, akakataa pesa. Ningeshukuru nikaondoka, mambo yangekwisha. Lakini kooni nilikuwa na neno langu.

"Mama, hapa zamani palikuwa pazuri. Mulikubali vipi pakauzwa hivi?"

Akaweka kandirinya chini.

"Zamani gani?"

"Tisini na nne. Nilikuja mtoto."

"Ulilipa ngapi?"

"Hapakuwa na kulipa."

"Ehe," akasema.

Akasukuma kuni ndani kwa mguu. Hakukasirika; nadhani ningepata nafuu kama angekasirika. Alizungumza kama anayemweleza mgeni njia.

"Tangu ianze treni hii ya kusimama Voi, nyinyi watu wa Mombasa mwaja kila wikendi. Mwaja na sufuria zenu, na maji yenu, na mahamri yenu. Hata kuni hamununui. Mwala, mwacheka, mwapiga picha, mwaondoka. Sisi twabaki na sahani. Basi vijana wakasema, kama fungu letu ni taka, angalau tulipwe za kuziokota."

Pesa za geti, akanieleza, ndizo zinazowalipa vijana wanne wa kuokota kila Jumatatu. Pembea waliichangia kumlipa fundi, na deni lake walikuwa hawajalimaliza. Spika ni ya mmoja wao, na mama mwenyewe haipendi, yampasua kichwa.

"Na wakishaokota, zaenda wapi?"

Akanionyesha korongo kwa kidevu.

"Hakuna lori la taka lipandalo huku. Zikikauka twachoma. Mvua ikitangulia, korongo lachukua."

Mwisho wa korongo ni kijito. Kijito ndicho kinachotia maji mashamba ya mboga ya chini, na vijito kama hivyo, vikikutana, ndivyo Mto Voi, unaokwenda kuikata Tsavo Mashariki. Hayo nilikuwa nayajua. Sikuwa nimeyaunganisha na sahani.

"Kabeji zikishuka soko la Kongowea," akaniuliza, "mwaziosha vizuri lakini?"

Sheria zote ulimini

Niseme kweli, hata hapo sikukubali. Nilikuwa na jibu. Mimi ni mtu wa kukariri tarehe: nailoni zilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, faini milioni mbili hadi nne au kifungo. Plastiki za kutumia mara moja zikakatazwa kwenye mbuga, misitu na fukwe za hifadhi tarehe 5 Juni 2020. Nilitaka kumwambia kwamba sheria ipo, tatizo ni kutofuatwa.

Mdomo ukafunguka, kisha nikakumbuka mabuyu.

Maana mabuyu hayajawahi kuvua nailoni. Duka la pembeni kwetu lilibadilisha mifuko mwaka uleule, muuza samaki akabadilisha, kila mtu akashika mfuko wa kitambaa. Mabuyu yakabaki vilevile, kipakiti kidogo, fundo juu, kana kwamba sheria iliyapita mlangoni ikadhani ni watoto.

Nilirudi mkekani na maji ya mamangu, nikawaita watoto.

"Pakiti za mabuyu ziko wapi? Zote."

Wakaleta. Nikahesabu.

Nilinunua sita. Zilirudi tano.

Mpwa wangu, msichana wa miaka saba, ulimi mwekundu mpaka kwenye koromeo, akasema yeye yake alikuwa nayo mkononi. Akafungua kiganja. Kiganja chekundu, kitupu. Na yeye ndiye aliyetutangulia kupanda. Mimi nilipofika kileleni nikihema alikuwa tayari ameshazunguka lile jiwe mara mbili.

Ile mbegu ilikuwa bado inang'aa mate.

Siwezi kuapa. Mbegu za mabuyu zafanana zote, na ukungu ule hulowesha kila kitu, mate na yasiyo mate. Nilitafuta kile kipakiti nusu saa nzima nyuma ya jiwe. Vipakiti nilivipata, vingi, vyote vina fundo lilelile. Ni kipi chetu?

Gunia

Nilinunua magunia mawili kwa yule mama, shilingi hamsini kila moja. Ndicho kitu cha kwanza tulichonunua mlimani siku nzima: chombo cha kuwekea uchafu.

Tuliokota wachache wetu, wengine wakanitazama tu. Shemeji yangu alinung'unika mpaka mwisho. "Hizi si zetu," akawa anasema, na kila akisema anaokota moja. Magunia yakaingia chini ya viti vya nyuma. Tulipofika Voi harufu ilikuwa imekwishaamka. Dereva alisema mengi ambayo hayaandikiki.

Tuliingia Kibarani usiku. Nje, nyasi na miti na taa. Ndani ya gari, mamangu amejiziba pua kwa pindo la leso.

Hakuna aliyesema kitu. Sijui kama wengine waliliona, au ni mimi tu.

Asubuhi magunia nikayaweka pamoja na taka za mtaa, kijana wa mkokoteni akayachukua, nikalala vizuri siku tatu. Siku ya nne nikamuuliza huyo kijana: mizigo yako mwisho wake wapi? Akaniangalia kama nimemuuliza jua lazama wapi. Mwakirunge, akasema. Lori lachukua hapa, lapeleka Mwakirunge.

Mwakirunge ni Kisauni ya ndani, na kuna watu wanaishi kule, wana pua kama zetu. Kwa hivyo nilichofanya ni kutoa taka pasipofika lori nikazipeleka mahali ambapo malori hayapumziki. Najiambia angalau si juu ya chemchemi ya mtu. Najiambia hivyo nikiwa kwangu Tudor, si Mwakirunge.

Nilichokitaka

Lililonikaa rohoni wiki hizi, zaidi ya gunia, ni lile swali la mama: ulilipa ngapi?

Nilitaka nini hasa? Nilitaka jiwe, ukungu na ng'ombe. Nilitaka watu wa pale wabaki mwaka 1994 wakinitunzia picha yangu, ili nikija na sufuria yangu baada ya miaka thelathini niikute haijaguswa. Yule kijana wa ng'ombe sasa ni mtu mzima wa miaka arobaini na kitu. Huenda ndiye baba wa huyu wa geti. Sikumuuliza jina wakati ule, wala huyu sikumuuliza.

Na sisi je? Pale bustani ya Mama Ngina twauza mihogo ya kukaanga, madafu na viazi karai mbele ya bahari kutoka alasiri mpaka usiku. Fort Jesus huingii bure. Sijawahi kumsikia Mtaita ameshuka na kabeji zake akasimama ufukweni akatwambia tumeuza bahari.

Lakini sitaki nijifanye nimeongoka kabisa. Lile spika bado nalichukia. Ule moyo wa chuma ni kituko. Nguzo za pembea zilikatwa mahali, na sidhani zilinunuliwa mjini. Ile nambari nyeupe juu ya jiwe itamzidi umri mwenye till. Mtu akiwa na haki ya kula hapati kwa hilo haki ya kupaka rangi kila kilichosimama, na ndege wa Ngangao hawakusaini risiti ya mtu. Haya ningeweza kumwambia yule mama, na nadhani nusu yake angekubali, hasa la spika.

Ila kwanza ningenunua chai.

Kopo

Nilikuwa nimechukua nambari yake ya simu, nikitaka kumtumia pesa ya maji ya moto. Alizirudisha. Mwezi wa tisa nikampigia tena. Akaniambia vijana wameanza jambo jipya: wahesabu chupa getini, unaweka shilingi mia, ukitoka na hesabu ileile unarudishiwa. Wageni wengi wanagombana nao. Wengine wanaona bora kupoteza mia kuliko kubeba chupa tupu.

"Na mabuyu wahesabu?"

"Hayo madogo, nani ataweza." Kisha akanyamaza kidogo. "Lakini wajukuu wangu wameyaonja kwa watoto wenu, sasa hawanipi raha. Ukija tena niletee. Ila usiniletee nailoni."

Nikaenda Mwembe Tayari kwa yule yule wa stendi. Nikamwambia anifungie kwa karatasi.

"Yatagandana, dada. Utakula karatasi."

Nikarudi nyumbani, nikaosha kopo la maziwa ya unga, nikalikausha juani, nikarudi nalo kesho yake. Akacheka, lakini akalipokea. Akatazama meza yake. Kila kitu kilikuwa kimekwishafungwa tangu asubuhi, pakiti juu ya pakiti, fundo juu ya fundo.

"Ngapi?"

"Sita."

Akafungua moja kwa meno, akaimimina koponi. Ya pili. Ya tatu. Mpaka ya sita. Kopo likajaa mpaka karibu na mdomo, nikalifunga. Vile vinailoni vitupu, vyekundu ndani, akavikusanya mkononi akawa anatafuta pa kuvitupa, akaangalia chini ya meza, akaangalia mtaroni, akaniangalia mimi.

"Na hivi?"

Nikanyoosha mkono. Vimo ndani ya mkoba wangu mpaka leo, vyote sita.